Kiti cha Kumi na Saba

Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu mbele ya kila jina: yuko kazini, au ameondoka. Niliyeijaza ni mimi, na niliyeharibu ni mimi, kwa hiyo ni heri niseme mwenyewe kabla wengine hawajasema. Mbele ya jina la Kasika niliweka alama kwenye kisanduku cha kwanza. Kasika alikuwa amekufa miaka minne iliyopita.

Naitwa Jokébed. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa karani wa kampuni ya ndege ya mzee Vagheni, hapa Rughenda, kwenye uwanja wa Butembo. Kampuni yenyewe ilikuwa na ndege tatu, majina saba ya marubani, na mimi. Watu walinitania kwamba ndege ya nne ni mdomo wangu. Tulibeba wafanyabiashara, dawa za hospitali, vifaranga, maharusi na maiti. Kisha vita ikafunga uwanja wa Goma, nusu ya safari zetu zikafa, na mzee Vagheni akauza kila kitu kwa Semliki Air ya Beni, kampuni yenye marubani kumi na mmoja. Hakuniuliza, wala hakuwa na sababu ya kuniuliza, lakini nilinuna wiki nzima.

Asiyefanya kazi na marubani anaweza kudhani orodha ya majina ni karatasi tu. Kwao ni maisha. Aliyeajiriwa mwanzo anaandikwa juu, na wa juu ndiye anayechagua ndege gani, safari gani, na likizo lini. Kazi ikipungua, wanaanza kumtoa wa chini. Kampuni mbili zinapokuwa moja, orodha mbili lazima ziwe moja, na hapo ndipo watu wazima wenye mistari mabegani huanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Beni na Butembo walikubaliana upesi kuliko nilivyotarajia: zitafuatwa tarehe za kuajiriwa, bila kujali mtu ametoka upande gani. Majina yalikuwa kumi na nane. Nafasi za kazi zilikuwa kumi na saba.

Wa kumi na nane alikuwa Myriam, binti wa Kasika.

Sasa nieleze jinsi maiti anavyoweza kubaki kazini. Kasika alikuwa rubani wa kwanza wa mzee Vagheni, tangu mwaka 1998. Asubuhi moja ya mvua, mwaka 2021, aliruka kutoka hapa peke yake na shehena ya dawa kuelekea upande wa Mambasa, akapotea. Helikopta ya jeshi ilitafuta siku tatu. Baada ya wiki mbili mwindaji mmoja alifika kwenye kizuizi cha barabara akiwa amebeba kipande cha bati la ndege chenye namba yetu. Alisema mengine yako bondeni, ndani kabisa. Hakuna aliyethubutu kwenda, kwa sababu msitu ule una wenyewe, na wenyewe wana mapanga. Basi hatukupata mwili, wala jeneza, wala kaburi.

Godelive, mke wa Kasika, alisema mwanamke halii kilio cha bati. Hakutandika mkeka nje, hakunyoa nywele, hakuruhusu mtu apange viti uani kwake. Padri alikuja mara mbili kuomba asome misa ya marehemu. Mara zote mbili alimpa chai na mkate, akamsindikiza hadi barabarani. Ukimuuliza habari za mumewe, alikujibu kwamba hajarudi. Tulizoea. Kuna watu huwezi kuwalazimisha huzuni, na Godelive ni mmoja wao.

Orodha nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa: wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, hadi kitinda mimba. Wa kwanza akifa, wa pili hapandi. Anabaki wa pili hadi siku yake, na kila anayemwita anajua kwamba mbele yake palikuwa na mwingine. Mzee Vagheni alituita ofisini, akasema kampuni yake itakwenda hivyo hivyo. Lusenge, aliyekuwa wa pili kwa Kasika, alikubali kabla mzee hajamaliza kusema. Kila Januari niliipiga orodha upya, nikaibandika ukutani, Kasika namba moja, Lusenge namba mbili. Sikuona ubaya wowote. Ilikuwa orodha yetu, kwenye ukuta wetu.

Kila Jumamosi Godelive akitoka sokoni, anakouza maharagwe, alipitia ofisini kwetu. Alisingizia kumletea Myriam chakula. Alisimama mbele ya ile karatasi dakika moja, mbili, mimi nikijifanya natafuta kitu kwenye droo. Halafu aliaga akaenda. Hatukuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo hata siku moja.

Fomu ya Beni ilipokuja, niliijaza kwa mazoea, nikifuata ukuta. Nilipofika kwenye visanduku vya Kasika, niliona ni kipi cha kweli. Sijidanganyi, niliona. Lakini mkono ulikataa kuandika kwamba ameondoka. Kasika hakuondoka, alitumwa. Nikatia alama kwamba yuko kazini, mzee Vagheni akasaini bila miwani, muhuri ukapigwa, karatasi ikaenda. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Aliyetumwa kusimamia kuunganishwa kwa orodha aliitwa Grady, mtu wa Kinshasa, mpole, mwenye tai hata siku ya joto. Nilimpigia simu Jumanne, nilipoona nakala ya orodha mpya na jina la Myriam chini ya mstari mwekundu. Nilimweleza yote. Alisema amekwisha kusikia, kwamba Beni nzima imemwambia Kasika ni marehemu, na kwamba yeye mwenyewe anaamini. Lakini karatasi iliyosainiwa inasema yuko kazini, na watu wa bima wanayo. Hawezi kumfuta binadamu kwa maneno ya uwanjani. Alitaka cheti cha kifo. Nilimwambia hakuna, kwa sababu hakuna mwili. Akasema kuna njia moja: mke wa marehemu atamke kifo kwa maandishi ya mkono wake, mbele ya mashahidi wawili. Orodha ingefungwa Ijumaa saa sita mchana, na baada ya hapo haifunguki.

Nilimkuta Myriam uwanjani akifuta kioo cha mbele cha ndege. Ana miaka ishirini na saba. Miaka miwili amekuwa rubani msaidizi kwetu, na bado anahitaji saa nyingi za angani kabla hajapewa ndege yake. Akitolewa sasa hana pa kwenda: Goma kumefungwa, Bunia kumejaa, na kila kampuni inapunguza watu. Leseni ya rubani ni kitu cha kulishwa saa za kuruka, isipolishwa inakufa. Nilimwambia kuhusu kisanduku, kuhusu Grady na kuhusu Ijumaa. Alisikiliza huku akiendelea kufuta mahali palepale palipokuwa tayari pasafi.

"Tantine, mama usimuambie," alisema, akiniita shangazi kama alivyozoea. "Miye nitatafuta fasi ingine ya kazi."

Nilimuuliza wapi.

"Siwezi kumuomba mama aue papa juu ya kazi yangu," alisema, akakunja kitambaa chake, akaenda.

Mtu mwenye hekima angenyamaza. Mimi sikuumbwa hivyo. Jumatano nilikwenda nyumbani kwa Godelive, nikamkuta kwenye kibaraza akichambua maharagwe. Nilimwambia kila kitu bila kujitetea. Alinitaka nirudie sehemu ya kisanduku, nikarudia. Alinitaka nirudie sehemu ya Myriam, nikarudia. Vidole vyake havikusimama kwenye ungo.

"Ni wewe njo uliandika," alisema mwishowe. "Basi wewe futa."

Nilimweleza kwamba mkono wangu hauna nguvu hiyo, ni wake tu. Hapo aliendelea na maharagwe yake kama vile kibarazani hapakuwa na mgeni. Nilikaa kidogo, kisha nikaondoka bila kupewa hata kikombe cha chai. Butembo, ukiondoka nyumba ya mtu unayemjua miaka ishirini bila chai, umefukuzwa. Njiani nililia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye na ukaidi wake, Grady na karatasi zake, mzee Vagheni aliyetuuza. Zaidi ya wote nilijikasirikia mimi, maana wao walau hawakumwandika marehemu kazini.

Alhamisi marubani walitangulia Beni. Mimi nilitakiwa kufika Ijumaa na majalada ya ofisi. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye maegesho ya magari ya kwenda Beni, boksi la karatasi mikononi, na kwenye kiti cha mbele cha gari la kwanza nilimwona Godelive. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, mkoba juu ya magoti.

"Wavukire, Mama Myriam," nilimwamkia.

Aliitikia, akasema dereva anachelewa. Nikakaa nyuma yake. Sikuuliza anakwenda kufanya nini, na kwangu hiyo ni kazi kubwa.

Kutoka Butembo hadi Beni si mbali, lakini vizuizi vinairefusha njia. Tulishuka mara tatu, tukaonyesha vitambulisho, tukapita kwa miguu, tukapanda tena. Abiria wengine walizungumza juu ya bei ya kakao na juu ya watu wa Kayna waliokimbia vita wakajazana kwa ndugu zao. Godelive alitazama mbele tu. Tulipokuwa tunateremka mlima wa Kabasha, ndipo aliposema neno lake la kwanza tangu tuondoke, bila kugeuka.

"Ile bati. Namba yake, nani aliisoma?"

"Mimi," nilisema.

"Haukukosea?"

Nilifikiri juu ya kisanduku changu, nikajua kwa nini ananiuliza. Mtu aliyekosea kitu rahisi kile anaweza kukosea kingine. Kwa miaka minne labda ndilo tumaini alilokuwa amelishika, kwamba pengine Jokébed hakusoma vizuri. Ningeweza kumwachia. Niliona jinsi shingo yake ilivyokakamaa akingoja.

"Hapana, Mama Myriam. Ile sikukosea. Niliisoma mara nyingi."

Alitikisa kichwa taratibu. Gari liliendelea kuteremka kuelekea Beni.

Mkutano ulikuwa kwenye ofisi ya Semliki Air, karibu na uwanja wa ndege wa Mavivi, chumba kirefu chenye viti vya plastiki. Marubani walikuwa wameketi na mashati yao meupe, wa Beni upande mmoja, wetu upande mwingine, jinsi wakwe wanavyokaa siku ya mahari. Grady alieleza utaratibu: atasoma majina kwa kufuata tarehe, kila mtu ataitika, atakuja mezani, atasaini mbele ya jina lake. Mimi nilibaki mlangoni na boksi langu. Godelive alisimama kando yangu. Myriam, aliyekuwa kiti cha mwisho kabisa, alimwona mama yake, kisha akaniona mimi, na sitaki kueleza alivyonitazama.

Grady alisafisha koo, akasoma jina la kwanza. Kasika, mwaka 1998.

Lusenge aliangalia viatu vyake. Ésaïe, mkubwa wa marubani wa Beni, mtu wa mvi aliyewahi kuruka na Kasika zamani, alivua miwani yake akaishika mkononi. Grady hakufanya kwa ubaya, nilimwona hata yeye anaona haya, lakini utaratibu ni utaratibu, akasoma mara ya pili.

Godelive alipita katikati ya viti mpaka mbele ya meza.

"Hawezi kuitika," alisema. "Alikufaka."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alilisema kwa sauti ya kawaida, ile anayotumia sokoni kumwambia mteja kwamba maharagwe mapya yamekwisha. Myriam alisimama upesi hadi kiti chake kikaanguka.

"Mama, hapana. Acha. Miye naondoka tu, si kitu."

Godelive aligeuka. Alimtazama binti yake, shati jeupe na mstari mmoja begani.

"Ikala, Myriam," alisema. "Papa yako hawezi kukalia kiti ya mutoto wake. Hata yeye angekatala. Ikala chini."

Myriam aliokota kiti, akaketi.

Grady alitoa karatasi na kalamu. Aliuliza kwa heshima kama mama angependa yeye amwandikie. Godelive alisoma kwa masista miaka sita, na jinsi alivyomtazama, Grady alisukuma kalamu upande wake bila neno lingine. Aliandika kwa Kifaransa, herufi za mviringo, polepole. Alipofika kwenye tarehe alisimama. Nilidhani amesahau, nikakaribia kumwambia, lakini hakuwa amesahau. Alikuwa anapumua. Aliandika siku, mwezi na mwaka, kisha akaniuliza ilikuwa saa ngapi. Utaratibu haukutaka saa. Nilimwambia ilikuwa kama saa tatu kasoro robo, redio iliponyamaza, naye akaandika hivyo.

Tulisaini, mimi na Lusenge. Lusenge aliandika jina lake kwa shida, akarudi kwenye kiti chake, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Grady alichukua rula. Kabla hajapiga mstari juu ya jina la Kasika aliinuka, na alipopiga mstari, marubani wote, wa Beni na wa kwetu, walikuwa wamesimama. Sikujua nani kati yao alianza kumfuata. Nimemsema Grady vibaya mara nyingi, lakini kwa kule kusimama nilimsamehe mengi.

Halafu aliendelea kusoma. Wa kwanza sasa alikuwa Lusenge, na Lusenge alikawia sana kuitika. Wa pili Ésaïe. Majina yakashuka, Henri, Octave, Bertrand, viatu vikienda na kurudi mezani, mpaka la kumi na saba. Myriam alikwenda, akasaini mahali alipoonyeshwa, akarudi. Hakuna aliyempongeza, na ilikuwa vizuri hivyo. Ilikuwa saa tano na nusu.

Tulirudi watatu kwa gari moja. Nilitarajia Myriam anisute, nami nilikuwa tayari kusutwa, lakini alilala njia nzima begani kwa mama yake, au alijifanya amelala. Tulifika Butembo kama saa kumi. Gari lilitushusha mbele ya lango la Godelive, naye hakuingia ndani. Alivua viatu, akaviweka kando. Alifungua kilemba chake, akakikunja, akanipa mimi. Kisha akaketi chini, mavumbini, na kile kitenge cha kanisani, miguu ameinyoosha mbele yake, kichwa wazi.

"Mama Jokébed," alisema, "uambie batu kilio iko huku."

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Sikuhitaji kueleza. Wanawake waliacha sufuria jikoni, wakachukua mikeka. Wanaume walianza kutoa viti na kuni. Mama mmoja mzee sana alifika wa kwanza, akaketi nyuma ya Godelive, akamshika mabega, na hapo ndipo Godelive alipofungua kinywa. Nimesikia vilio vingi katika maisha yangu. Kile kilikuwa na miaka minne ndani yake, nikakaa pale pale nilipokuwa.

Mtaa mzima ulijua isipokuwa nyumba moja, ya mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Kisangani mwezi uliopita. Mke wake, Elikia, alikuja mbio na kiti kimoja cha mbao, pekee alichokuwa nacho. Alimkuta Myriam langoni, bado na shati lake la kazi, akamuuliza kwa sauti ya chini nani amekufa.

"Papa," alisema Myriam.

"Pole sana, ndeko, ndugu yangu. Alikufa siku gani?"

Myriam alimtazama mama yake pale chini.

"Leo," alisema, akaenda kuketi kando yake.